Barua za Wiki Tatu

Uchaguzi ulikuwa umekwisha, lakini Chake Chake watu walikuwa bado wanasalimiana kwa kupimana. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja iliyokuwa na seva yake ya barua pepe, mashine kuukuu iliyowekwa chumba cha pembeni. Barua za ofisi nzima zilipita humo, na za walimu wachache wa shamba, nje ya mji, tuliowafungulia anwani.

Asubuhi moja umeme ulikatika ukarudi mara tatu. Baada ya hapo kila aliyefungua barua zake alikutana na maneno yale yale: hifadhidata haipatikani. Hifadhidata ndilo daftari la ndani la seva, na kwetu barua zenyewe zilikaa humo. Nikatazama nywila, iko sawa. Nikaiwasha seva upya, ikagoma. Nilipofungua kumbukumbu za makosa nikaona diski imejaa pomoni, na jedwali la barua, sehemu ya daftari hilo zinamokaa, limeharibika. Diski ya akiba nilishaiomba kwa maandishi mara mbili, sikujibiwa.

Mkuu wetu akaja mlangoni.

"Bi mdogo, nataka barua zangu kabla ya adhuhuri."

"Mzee, nipe mpaka kesho. Nizinakili kwanza, ndiyo nitengeneze."

"Kesho ya nani? Tengeneza sasa."

Nikafuta mafaili yasiyo na kazi, nikapata nafasi kidogo, nikatoa amri ya kulitengeneza jedwali. Sikunakili. Nilikuwa na flashi kwenye mkoba, na nusu saa ingetosha. Niliogopa uso wa yule mzee, basi. Seva ikawaka, barua za zamani zikarudi, ila za wiki tatu za mwisho hazikuwamo. Amri ile hutupa isichoweza kukisoma.

Kesho yake niliitwa ofisini kwake. Walikuwamo wanaume wawili nisiowajua, wamekaa, na mimi nikaachwa nimesimama.

"Kaka yako wa Chokocho," akasema mmoja, "si alikuwa wakala wa chama cha upinzani kwenye kituo cha kura?"

"Ndiye. Lakini hii ni diski imejaa, na umeme. Nimechapisha makosa yenyewe, haya hapa."

Aliitazama karatasi kama mtu anayetazama samaki aliyeoza.

"Maneno haya unayasoma wewe, unayafasiri wewe. Nani aliyekutuma uzifute barua?"

Nilimgeukia mkuu aseme kwamba nilimwomba siku moja. Alikuwa akikoroga chai yake. Hakuinua macho.

Wiki ile ile akaja maalim mmoja wa Micheweni. Alikuwa akisubiri jibu la chuo cha ng'ambo alikoomba kusoma, na mara moja kwa mwezi alikuja kufungua barua zake kwetu. Nikamweleza kilichotokea. Akaniuliza taratibu, "Sasa kama jibu lilikuwamo, mwanangu, litapatikanaje?"

"Waandikie tena, Maalim. Leo hii."

Tuliandika pamoja. Jibu lilikuja baada ya siku nne: walikuwa wamempa nafasi, wakamtaka aithibitishe, muda ukapita, wakampa mwengine. Alilisoma kwenye skrini mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akanishukuru. Laiti angenitukana.

Mimi nilihamishiwa masjala, kupanga mafaili ya karatasi. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Kaka yangu aliposikia alitaka kwenda kugombana, nikamzuia. Nilimwambia wameniadhibu kwa sababu ya chama chake, naye akalia mbele ya mkewe. Nilimwacha alie. Ile flashi iliyokaa mkobani sikumtajia, wala sikumwambia habari za yule maalim. Kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nilimjibu kuwa ni siasa, na Pemba ya wakati ule hakuna aliyehitaji kuuliza mara ya pili.