Mtu Aliyeitwa Lobi

Meli ya kuteremka Basoko ilipopiga honi ya mwisho, mimi nilikuwa ghalani, nimesimama mbele ya sanduku ambalo lilipaswa kuwa ndani yake. Lilikuwa nyuma ya magunia ya chumvi, limepangwa vizuri kabisa. Ndani mlikuwa na vyuma vya mashine ya kukamulia mawese, na huko chini kiwanda kilikuwa kimesimama kikivingoja.

Nilikuwa karani wa kuandika mizigo bandarini Kisangani, mtu mwenye mke na kiburi, mtoto wa watu wa Maniema, na nilijiona makini kuliko wote pale. Siku tatu kabla nilikuwa nimemwuliza kapita wetu, mzee wa Isangi aliyesimamia wapakuzi, habari za sanduku hilo lililotoka ng'ambo ya mto, kwenye reli. Winchi ilikuwa ikipiga kelele. Alinijibu kwa Kilingala chake, neno moja: "Lobi."

Mimi nikasikia kesho. Yeye alimaanisha jana, kwamba limeshavuka. Kwa Kilingala ni neno hilo hilo kwa siku zote mbili, na anayelitamka peke yake ndiye anajua anatazama upande gani. Kesho yake sikuletewa sanduku, nikasema moyoni kivuko kimechelewa kama kawaida yake. Sikuuliza tena. Karani mzima nirudie swali?

Sasa nikafuata njia ya ile habari, mtu kwa mtu. Mvushaji alileta sanduku. Kapita alilipanga. Mlinzi alifunga mlango. Mimi niliandika nilichosikia. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake, na sanduku lilikuwa limebaki. Hilo ndilo lililoniogofya: kosa lilikaa katikati yetu, mahali ambapo haikuwa kazi ya mtu yeyote kupaangalia.

Msimamizi wa ghala, Mbelgiji aliyekuwa amefika karibuni na asiyejua ila Kifaransa, hakutaka kusikia habari za njia. Alitaka jina. Mtu mmoja atafukuzwa kwa ajili ya sanduku hili, alisema, kalamu mkononi. Nani?

Sikuwa shujaa. Nilimwona moyoni mke wangu anafunga vyombo, nikaamua kumtupia mzee lawama. Nilitaka kusema kwamba kapita ndiye aliyenipoteza kwa lile neno lake. Lakini hofu ilininyang'anya Kifaransa chote, na kilichotoka mdomoni ni neno lenyewe tu.

"Lobi."

"Lobi," akarudia. "Bon." Akaandika.

Nilitoka bila kumsahihisha. Kutwa nzima jasho lilinitoka, nikingoja aulize mtu mwingine huyo Lobi ni nani.

Asubuhi alisoma majina ya wafanyakazi kama kawaida, kisha akafungua karatasi yake. "Lobi!" Wapakuzi waliangalia miguu yao. Niliona sasa mambo yatanirudia mimi. Ndipo kapita akavua kofia.

"Chef," akasema kwa Kifaransa cha polepole, "Lobi hayuko leo."

Msimamizi akaandika kwamba Lobi ametoroka, akamfukuza hapo hapo. Hakuna aliyecheka mpaka alipofunga mlango wa ofisi.

Mzee alinivuta kando. "Mutoto yangu, ile neno tuiache. Ukiniuliza, nitakupa jina ya siku: mardi, mercredi. Na weye unairudisha kwa mudomo yako, nisikie kama umeshika."

Tulianza siku ile ile, pamoja na mlinzi na wavushaji. Tulipaaza sauti juu ya kelele za winchi, mmoja akitaja mercredi na mwenzake akiirudisha, kama watoto wa shule. Mimi nilikuwa napaaza sauti kuliko wote, maana hofu haikuwa imenitoka.

Lakini asubuhi ile, pale kando, kabla hajaniachia, mzee alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Aksanti, mwana. Ungetaja jina yangu, leo miye na watoto tungekuwa mu mutumbwi ya kurudia Isangi. Uliwaza mbio, uliniokoa."

Alikuwa na machozi. Nilitafuta maneno ya kumwambia kweli, kwa Kiswahili, lugha yangu mwenyewe, na hapakuwa na winchi wala Kifaransa cha kusingizia.

"Si kitu, papa," nikasema.