Sindano za Kupimia Redio

Nilikuwa fundi redio pale Same, na ncha za mita yangu ya kupimia umeme zilikuwa nene. Kwenye redio za zamani hazikunisumbua. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kuagiza bidhaa, mji ukajaa redio za Dubai zenye vifaa vidogo kama chawa, ncha moja ikawa inagusa viwili kwa mpigo na kunidanganya. Nikachukua sindano mbili za kushonea za mke wangu, nikazichomelea kwa risasi kwenye nyaya za mita, nikazivisha mirija ya kalamu. Tangu hapo hakuna kifaa kilichonificha ugonjwa wake.

Lakini kujua tu ndiko nilikobaki nako. Spea hazikuletwa. Zililetwa redio mpya, na wateja wangu wakazikimbilia.

Mzee mmoja alishuka kutoka Bombo, milimani, na redio yake ameifunga kwenye khanga. Nikapima, nikamwonyesha kifaa kilichokufa.

"Sasa kinapatikana wapi?"

"Hakipatikani, mzee."

Alivuka barabara hadi duka la redio mpya, akarudi na moja, mwenye duka akimfuata nyuma.

"Mwanangu, nipimie hii kabla sijalipa. Wewe ndiye ninayekuamini."

Nilitamani niikute na ubovu, hata mmoja tu. Nikaichokonoa kwa sindano zangu kila kona, kwa hasira. Ilikuwa nzima kabisa, na ilibidi niseme hivyo mbele ya mwenye duka, ambaye tangu siku ile akawa anawaambia wateja kwamba redio zake zote nimezipima mimi.