Mdomo wa Odile Fazande

Odile Fazande aliitwa Bado tangu alipokuwa na miaka tisa. Siku hizo aliandamana na bendi ya mtaa wao wa Tremé, mjini New Orleans, amekumbatia tarumbeta pana kuliko kifua chake. Kila mara Mjomba Alcide, kiongozi wa bendi, alipogeuka kumuuliza kama amechoka, alijibu, "Bado." Jina likamganda, hata chuo kikuu, alikokwenda kusomea jazi, wenzake hawakumwita kwa jingine.

Mwaka wa mwisho, mtihani wa jukwaani ulipokaribia, mdomo wake wa juu ukaanza kufa ganzi. Mwanzoni palikuwa padogo kama punje ya mchele, mahali hasa tarumbeta linapokaa. Profesa Desmare, mwalimu wake, alitambua kabla hajaambiwa, maana mpulizaji aliyechoka huacha kupuliza akaanza kukandamiza tarumbeta mdomoni.

"Unalikandamiza kama mtu anayezuia mlango mwizi asiingie," alisema. "Pumzika hadi mtihani wa Jumatatu. Msuli wa hapo ukichanika, mwanangu, hakuna wa kuushona ukarudi ulivyokuwa."

Odile akaahidi. Lakini katikati ya wiki alifariki Mzee Ulysse, mpiga ngoma kubwa wa bendi, na maziko yakawa Jumamosi. Tremé maiti hasindikizwi kimya, na mpulizaji aliyelelewa na bendi hasimami kando ya njia, mikono mfukoni.

"Leo usipulize, beba mwavuli tu ucheze nao njiani," Mjomba Alcide alimwambia mbele ya kanisa, akiutazama mdomo uliovimba.

"Mwavuli? Mzee Ulysse atafufuka anichape!"

"Basi piga sauti za chini. Za juu niachie mimi."

"Wewe, Mjomba? Za juu si zilikukimbia kabla sijazaliwa?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Wakaenda makaburini kwa mwendo wa maombolezo. Waliporudi, muziki ukachangamka kama ilivyo desturi ya huko, leso zikapepea, na umati ukazidai sauti za juu. Odile akawapa. Hakuhisi maumivu yoyote, na hilo ndilo lililopaswa kumtisha.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Katika wimbo wa mwisho akakandamiza, sauti ikapanda, ikakaa kileleni, hata watahini wakaacha kuandika. Ndani ya mdomo kitu kikaachia, polepole, kama pindo linalofumuka. Watu wakasimama kumshangilia. Profesa Desmare peke yake alibaki ameketi, ameinamisha kichwa.

"Umefaulu," alimwambia nyuma ya jukwaa. "Sasa nipigie noti moja. Yoyote."

Odile akainua tarumbeta. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, pumzi.

"Labda kesho, Profesa."

Profesa akatikisa kichwa.

Nyumbani Odile alitia maji ya vuguvugu kwenye beseni, akalifungua tarumbeta kipande kipande, akapitisha brashi ndani ya kila bomba, kisha akazikausha vali na kuzitia mafuta. Akazibonyeza kwa vidole, moja baada ya nyingine. Zilishuka na kupanda bila kukwama; tarumbeta lilikuwa zima. Akalilaza tarumbeta kwenye kasha, akafunga.