Bastola ya Kirusi Ndani ya Begi la Shule

Upumbavu wa kwanza ulikuwa kuipaka bastola mafuta ya mgando. Mafuta yalikuwa ya mama ya kujipaka, kopo zima. Bastola ilikuwa ya kuchezea. Mambo haya mawili yalikuja kujulikana baadaye, tena kwa mpangilio mbaya.

Mimi ni mkusanyaji wa bastola za jeshi la Usovieti ambaye hajawahi kushika hata moja. Hapa Guangzhou, China, huwezi. Ninachokusanya ni picha, na video za wazee wa nchi nyingine wakifungua makasha yaliyotoka maghala ya jeshi. Wanasema silaha hizo zilihifadhiwa zikiwa zimezama kwenye grisi, zimefungwa karatasi, tangu babu zetu wakiwa vijana. Mnunuzi huichemsha yake kwanza kama muhogo, grisi itoke, ndipo aende kulenga shabaha. Hiyo sehemu ya grisi ndiyo iliyoniteka.

Ghorofa ya juu yetu aliishi Mtanzania mmoja anayesomea udaktari. Alipomaliza na kurudi kwao aliniachia bastola yake ya mapambo: chuma, saizi kamili, nyota kwenye kitako, inarusha risasi za mpira.

"Shika, mdogo wangu. Mimi siwezi kupita nayo uwanja wa ndege."

Hakuniuliza mimi nitapita nayo wapi.

Nililenga vikombe vya tambi, nikalenga kalenda, nikapata vikombe. Yote haya mama akiwa hayupo, kwa sababu msimamo wake ulijulikana: "Nchi hii hata bunduki ya mwanasesere ni kesi, na sisi ni wageni. Nikiiona humu ndani, iwe ya mbao, iwe ya unga wa ngano, wewe na yeye mtalala nje."

Mama ni mfanyabiashara wa Mombasa. Hununua mabegi ya shule mji wa Shiling na vikorokoro vya kuandikia mtaa wa Yide Lu, akavipeleka nyumbani kwenye kontena moja na mizigo ya wenzake. Kontena hulipiwa kwa nafasi, kwa hiyo kwake begi tupu ni dhambi. Kila begi hushibishwa soksi, penseli na kibweta cha kalamu mpaka lishindwe kupumua. Msimu wa kupakia, sebule yetu hujaa katoni za mabegi hayo. Tunakula juu yake.

Basi asubuhi moja, kwa kuwa mama angeshinda nyumbani, niliifunga bastola kwenye gazeti, na grisi yake ya kifalme. Nikachomoa soksi kwenye begi moja (sikuzitupa, mimi si mharibifu), nikaisukuma humo. Kwenda nayo shuleni ningewezaje, wakati kila kituo cha treni ya chini ya ardhi begi lako linapita kwenye mashine ya kumulika? Nilipanga kuitoa nikirudi.

Niliporudi sebule ilikuwa uwanja. Sikuwa nimejua tuna sakafu ya rangi ile.

"Gari la godauni limewahi," mama akasema, akifagia. "Kesho wanamulika, wanapakia. Januari shule zikifunguliwa, mabegi yako sokoni. Yakichelewa nitawauzia ng'ombe?"

Mtaji wake wote ulikuwa humo, na kibali chetu cha kuishi hapa kilitegemea jina lake zuri. Nikawaza: niseme mimi, au niiache mashine iseme? Mashine ingewaambia polisi. Nikasema mimi.

Mama alijitanda buibui, akachukua mizani yake ya kuning'iniza, tukaondoka.

Mwenye godauni, ambaye mama humwita laoban kama anavyoitwa kila bosi hapa, alikuwa anakunywa chai.

"Bu xing," akasema kabla hatujamaliza kueleza. Haiwezekani, katoni zimefungwa.

"Laoban, mna kitu humo; ukikikuta wewe kwenye mashine utalia kuliko mimi," mama akamjibu kwa Kichina chake cha sokoni. Laoban akaweka kikombe chini.

Nilidhani tutafungua zote. Mama hakufungua hata moja, alipima. Hujaza kila katoni sawasawa kabisa, maana wateja wake wa jumla hugombana hata kwa penseli. Mimi nilinyanyua, yeye akasoma, nikashusha. Sawa. Sawa. Sawa. Mgongo ulianza kujuta kuliko moyo. Halafu moja ikazidi.

"Hii ina mimba," mama akasema.

Laoban ndiye aliyekata utepe na kufunua gazeti. Chuma cheusi, nyota, grisi ikidondoka. Kopo zima lilikuwa limefanya kazi yake: ilionekana kama imetoka ghala la jeshi asubuhi ile. Alirudi nyuma mpaka akagonga mkokoteni, simu tayari mkononi.

"Wanju! Laoban, wanju!" mama akapaza sauti. Ya kuchezea! Laoban hakuamini. "Haya wewe," akanigeukia, "mwonyeshe."

Nikalenga katoni tupu, nikafyatua. Grisi ilikuwa imeziba mtutu. Risasi ya mpira ilichungulia, ikafikiri, ikaniangukia kwenye kiatu.

Laoban alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaipondaponda bastola kwa nyundo. Niliomba nyota, nikanyimwa.

Mama alilifuta lile begi kwa ncha ya mtandio, akainusa, akarudisha penseli, akarudisha kibweta. Akapapasa akitafuta cha tatu. Akanitazama usoni, macho yakashuka taratibu mpaka miguuni.

"Vua soksi za watu," akasema. "Na kesho hayo magoti utayapaka mate."