Uso Niliouona Kila Siku

Nimechoka kumtafuta mama kichwani mwangu. Nikifumba macho anakuja, lakini anakuja amenipa mgongo: kitenge kiunoni, beseni la maharagwe kichwani, na mimi nyuma yake kwenye foleni ya kuvuka mpaka kwenda Goma. Miaka yote tulivuka hivyo, yeye mbele, mimi nyuma. Namwita ageuke, hageuki.

Picha yake hatuna hata moja. Sisi wa Gisenyi tulidhani ndugu zetu wa Goma wanazo, nao walidhani tunazo sisi, maana usiku mwingine alilala huku, mwingine kule. Tulikuja kuulizana amekwisha kuzikwa zamani. Kila upande ulilaumu upande wa pili.

Wallahi, linaloniudhi ni hili. Siku moja, kwenye foleni ileile, kulikuwa na mwanamume aliyevaa gauni la bibi arusi chini ya koti ili asilipe ushuru. Pindo likamtoka, tukacheka sote, hadi askari. Yule nilimwona mara moja tu, na uso wake ninao wote: kovu kwenye nyusi, jasho puani, mwanya kwenye meno. Ananihusu nini? Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniambia nikimpima blauzi kwamba ubongo hushika la ajabu, la kila siku huliacha lipite. Mazoea yana taabu, nikamjibu. Nilitaka kulia, lakini blauzi yake ilikuwa ya kesho.

Jana binti yangu, aliyezaliwa baada ya mama kufariki, alikaa karibu na cherehani yangu akimenya viazi. Akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Mama, mi nafanana na bibi?"

Ndugu zangu wote ni wadogo kwangu. Nisipojua mimi, nani atamwambia? Nikasema ndiyo, sana, hasa macho. Akafurahi, akaendelea kumenya. Bon, basi, nimedanganya, na sina hata nguvu ya kujuta.

Kisha hofu ikanishika. Nikafumba macho, nikautafuta uso wa huyu huyu aliyeketi mbele yangu, ninayemwona asubuhi na jioni. Nikapata vidole, kisu, maganda ya viazi. Uso sikuupata.

Nikasimamisha cherehani.

"Weka kisu chini, mwanangu," nikamwambia. "Niangalie."