Kambare Aliyepimwa

Fundi cherehani, jirani yetu, hupima kila kitu. Utepe hauondoki shingoni mwake, na vidole vyake vilivyotobolewa na sindano huupima hata mkate kwa shubiri kabla ya kuukata. Kila Jumapili hubeba mshipi na ndoana akaenda bwawani. Kwa miezi minane alikuwa akirudi na ndoo tupu, na mkewe akimpokea kibarazani mbele yetu majirani: "Karibu, mvuvi wa maji!" Naye akijibu kwa sauti yake ndogo, "Mvumilivu hula mbivu, mama watoto."

Jumapili iliyopita alirudi ametota hadi kifuani, viganja vimechanwa na mshipi. Alisema amevutana na kambare mkubwa asubuhi nzima, akamtoa, akamlaza kwenye nyasi, na badala ya kumtia ndooni akavua utepe ampime kwanza. Alipomaliza tu, kambare akajipinda, akarudi majini. Tuliangua kicheko, mpaka nilipoutazama uso wake. Kumkosa samaki angestahimili, kutoaminiwa, hapana.

Mkewe hakucheka. Alivitazama vile viganja.

"Urefu?"

"Sentimita tisini na mbili."

"Kiuno?"

"Arobaini na moja," akajibu papo hapo, "ila alikuwa amebana pumzi."

Mkewe akatugeukia. "Huyu hajawahi kukosea kipimo cha mtu. Samaki alikuwepo. Nendeni mkapike wenu."

Fundi akaingia ndani kifua mbele, akidondosha maji sakafu nzima, wala hakukemewa.