Anguko Lisilokuwa Kitabuni

Kwaresima hiyo nilienda Karurumo kumchukua mke wangu. Alikuwa kwa mama yake tangu Krismasi, baada ya mimi kutangaza kwamba tunahama tena. Tulikuwa tumeishi Kinoru, karibu na uwanja wa mpira, nikachoka na kelele. Tukateremka Mitunguu nikauza ndizi, nikachoka na joto, na kila jioni nikawa namsimulia baridi ya Kinoru ilivyokuwa tamu. Mke wangu alisema hana neno na joto wala baridi. Neno lake lilikuwa kufunga sufuria kwenye gunia kila mara. Akazifunga mara ya mwisho, akaenda nazo.

Nilifika Ijumaa mchana na sukari na mkate. Mama mkwe alinipokea kama desturi yetu inavyotaka: hakunishika mkono, hakuniangalia usoni, na maneno yake aliyapitishia kwa ng'ombe zizini.

"Mwambie mgeni chai iko mezani."

Nikamshukuru ng'ombe.

Mke wangu alikuwa jikoni akimenya viazi. Nilimwambia apange vitu, tuondoke asubuhi. Hakuinua kichwa.

"Leo ni Njia ya Msalaba," alisema. "Mama akiona umebadilika, tutaongea. Na mimi pia nikiona."

Hapo nikapata wazo. Katika jumuiya yao msalaba hupelekwa boma hadi boma, kila boma ni kituo, na watu hupokezana kuubeba. Nilimwendea katekista nikamwambia leo nitaubeba peke yangu, mwanzo hadi mwisho.

"Ni wa mti wa mukima, tena mbichi na mzito," alisema mzee huyo. "Umekatwa jana."

"Haidhuru."

"Na mvua imenyesha."

"Mungu atanipa nguvu," nilisema, kwa sauti ya kumfikia mama mkwe aliyesimama na akina mama wenzake.

Kituo cha kwanza nilikwenda vizuri, uso nimeuinamisha kwa unyenyekevu, nikiinua jicho kidogo kuona kama ninaonekana. Cha tatu nilipiga goti kama kitabu kinavyosema, na nilipoamka magoti yalilia mpaka waimbaji wakageuka. Cha tano akaja jirani aliyechaguliwa kuwa Simoni, akashika msalaba kwa nyuma. Nikamwambia auache.

"Lakini hii ndiyo kazi yangu leo. Nimeazima hadi kanzu."

"Tembea tu kando."

"Hata Yesu alisaidiwa, bwana."

Nikavuta msalaba mbele. Pumzi iliyobaki ilikuwa ya kutembea tu.

Baada ya kituo cha nane njia inateremka kwenye udongo mwekundu. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaufuata bila kuniuliza, na nikajikuta chali ndani ya mtaro, katikati ya nyasi za nepia za kulisha ng'ombe, msalaba juu yangu. Wimbo ukakatika. Katekista akafungua kitabu chake.

"Hapa hatuanguki," alisema. "Kuanguka ni kituo cha tisa, pale kwenye kisima."

"Labda ana haraka," alisema Simoni.

Nilisukuma msalaba, haukusogea. Ndipo niliposali sala yangu ya kwanza ya kweli tangu Jumatano ya Majivu: Mungu, nitoe hapa kabla mama mkwe hajafika. Nilipofumbua macho niliona gambuti zake.

Aliniangalia usoni. Ng'ombe hakuwa karibu.

"Unataka kusaidiwa?"

"Nitaamka tu, Mama."

"Sawa."

Akageuka kwenda. Waimbaji wakaanza ubeti uliofuata.

"Mama," nikasema. "Nisaidieni. Siwezi."

Akamwita Simoni, ambaye aliuinua msalaba kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kazi yake. Kisha, kwa kuwa mkono wangu hauwezi kushikwa na yeye, alifungua leso kiunoni, akaisokota, akanirushia ncha moja.

"Shika."

Akanivuta kama anavyovutwa ndama. Nikatoka. Vituo vilivyobaki nilitembea nyuma na akina mama, nikiwa nimebeba mwavuli wa katekista.

Jioni nilikaa jikoni nikikwangua matope miguuni. Maneno niliyokuja nayo nilikuwa nimeyaacha mtaroni.

"Naomba turudi Mitunguu," nilimwambia mke wangu. "Na nikianza tena habari za kuhama, nisaidie kukaa. Peke yangu sijaweza."

Alimwangalia mama yake, aliyesimama karibu na dirisha. Mama yake akatoa kichwa nje, upande wa zizi.

"Mwambie Kwaresima haijaisha," alimwambia ng'ombe. "Kuna nepia ya kukata hadi Pasaka. Aanze na ile aliyoilalia."

Mke wangu akacheka mpaka akaweka kisu cha viazi chini. Nikamuuliza ng'ombe panga liko wapi.

Jumatatu ya Pasaka tuliondoka na gunia la sufuria. Mke wangu alishika upande mmoja, na sikumwambia atembee kando.